Linux inasema imemaliza kunakili, kumbe bado: anayedanganya ni kerneli au flashi?

#1 KibandaChaMuvi
Wakuu, salaam. Nina kibanda cha kuwekea watu muvi na nyimbo kwenye flashi, hapa Mwanza. Nilikuwa natumia Windows, virusi vikanichosha, kila flashi ya mteja inakuja na vyake. Nikahamia Ubuntu. Virusi kwisha, balaa jipya likaanza.

Muvi ya MB 700: mstari wa asilimia unakimbia, sekunde 4 umefika mwisho. Mteja anaona, anachomoa, anaondoka. Kesho yake anarudi, muvi inakata katikati au haifunguki kabisa. Ikiwa ni ya GB 3, inakimbia mpaka kama theluthi hivi, halafu inaganda, inasogea kidogo, inaganda tena.

Flashi ni za USB 2.0. Nimesoma kwamba USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60, tena hiyo ni ya kwenye karatasi. MB 700 kwa sekunde 4 ni MB 175 kwa sekunde. Hesabu inakataa. Sasa hizo data zimekwenda wapi? Jana mama mmoja kaniambia mbele ya wateja kwamba nauza muvi nusu kwa bei ya nzima. Laptopu ina RAM ya GB 8, diski ya ndani ni SSD.

#2 Mpiga_Soga
Kigoda nimeweka, kahawa ninayo. Wataalamu mje.

#3 Dada_Terminali
Mkuu, hesabu yako ni sahihi na jibu limo humo humo. Data zako ziko kwenye RAM.

Programu ikiita write(), yaani ikiomba kuandika, haiandiki kwenye flashi. Kerneli, kile kiini cha Linux, inazipokea zile baiti, inaziweka kwenye akiba ya kurasa ndani ya RAM, inazitia alama kwamba ni kurasa chafu, yaani bado hazijafika kwenye kifaa, kisha inajibu "nimepokea". Ule mstari wako unahesabu "nimepokea" tu. Ni sawa na kumkabidhi konda mzigo stendi akakwambia "umepanda". Umepanda kwenye buti. Bukoba bado.

Uandishi wenyewe unafanywa baadaye na nyuzi za kerneli. Zinaamka kila sekunde 5, na ukurasa uliokaa mchafu kwa sekunde 30 ndio unaopelekwa, isipokuwa uchafu ukizidi kiwango, hapo zinaanza mapema. Jaribu hivi: nakili muvi, mstari ukifika mwisho tu, andika

`grep -E 'Dirty:|Writeback:' /proc/meminfo`

Utaona muvi ya mteja wako imekaa pale.

#4 Kobe_wa_Kariakoo
Kwa hiyo kosa lote ni kuchomoa bila kubonyeza "ondoa kwa usalama". Uzi ufungwe.

#5 fundi_simu_tz
Usifungwe kitu. Mimi naona flashi nyingi kuliko mnavyoona jua. Nusu ya flashi za GB 64 zinazouzwa kwa bei ya soda zina chipu ya GB 8 au chini ya hapo, kontrola yake imepangwa iitangazie kompyuta kwamba ina 64. Ukivuka uwezo halisi, inapokea data na kuzitupa, au inazunguka na kuandika juu ya za mwanzo. Haitoi kosa lolote. Linux inaandika, flashi inasema "sawa", kwisha habari. Sasa hapo kerneli imekosa nini? Aweke programu ya f3, `f3write` ijaze nafasi iliyo wazi, `f3read` isome tena, ukweli utatoka.

Na hata flashi halali: nyingi zina sehemu ndogo ya kasi inayopokea data kwanza. Ikijaa, kasi inaanguka mpaka MB 4 au 5. Hiyo ndiyo "inaganda" anayoiona kwenye GB 3.

#6 Dada_Terminali
@fundi_simu_tz feki zipo, sibishi. Ila kuganda kwenye theluthi kunaelezeka bila hiyo sehemu ya kasi. Kerneli ina kikomo cha uchafu: vm.dirty_background_ratio ni 10, vm.dirty_ratio ni 20. Ukifika asilimia 10 ya RAM inaanza kusafisha kimya kimya, ukifika 20 inamkaba koo anayeandika. GB 8 mara asilimia 20 ni GB 1.6. Muvi ya GB 3 inakabwa katikati ya safari.

#7 jembe_la_biti
Niko Nairobi, naandika msimbo wa seva. @Dada_Terminali uko karibu lakini hapo umeteleza mara mbili. Asilimia hiyo si ya RAM yote, ni ya kumbukumbu inayopatikana: iliyo wazi pamoja na akiba inayoweza kuachiliwa. Na breki hazingoji 20. Kerneli inachukua kati ya viwango viwili, yaani 15, na kuanzia hapo inaanza kumpunguza mwandishi mwendo kidogo kidogo. Tuseme yeye, baada ya kivinjari na mengine, amebaki na GB 6. 15% ni MB 900. Hiyo ni theluthi ya GB 3 kabisa, sio katikati. Na MB 700 iko chini ya 900, ndiyo maana haikabwi hata kidogo na mstari unafika mwisho ukiimba.

#8 Dada_Terminali
Nimekubali, 15. Asante.

#9 Mpiga_Soga
Dada kakubali kosa mtandaoni. Piga picha ya skrini jamani, haitatokea tena.

#10 MzeeWaIDE
Vijana mnahangaika na RAM. Enzi zetu hatukuwa na shida ya nani kamaliza, kwa sababu prosesa ndiyo ilikuwa inabeba kila kitu kwa mkono. Diski za IDE katika hali ya PIO: sekta moja ni baiti 512, prosesa inasoma poti 0x1F0 maneno ya biti 16, mara 256, sekta imekwisha, nyingine. Ukinakili faili kubwa hata kipanya kinaganda. PIO ya 4, iliyokuwa ya kasi kuliko zote tulizotumia, ilikuwa MB 16.6 kwa sekunde. Ikaja DMA, kifaa kinaandika chenyewe kwenye RAM na kumgutua prosesa kikimaliza. Raha. Ila Windows XP ikikutana na makosa sita tu kwenye kebo inakurudisha PIO kimya kimya, na mtu anakuja kwako kusema "kompyuta imezeeka". Nimekula hela nyingi kwa kubadilisha kebo ya shilingi elfu mbili.

Kwa hiyo swali langu kwa mwenye uzi: kebo gani? Habu gani? Flashi iko kwenye tundu la laptopu au kwenye kile kipande cha matundu manne?

#11 KibandaChaMuvi
Mzee, habu ya matundu manne, ndiyo. Wateja ni wengi.

#12 MzeeWaIDE
Haya.

#13 KerneliNdogo
Samahani wakubwa, mimi niko chuo mwaka wa tatu, somo la mifumo endeshi. Kwa nini data zipite RAM kabisa? SSD iko pale, flashi iko hapa. Si zitoke kule ziende huku moja kwa moja?

#14 jembe_la_biti
Swali zuri kuliko la mwenye uzi (samahani mkuu). Fuata baiti moja wakati wa `cp` ya kizamani:

SSD inaiweka kwenye akiba ya kurasa kwa DMA. Programu imeita read(), kerneli inainakili kwenda kwenye bafa ya programu. Programu inaita write(), kerneli inainakili tena kutoka kwenye bafa hiyo kwenda ukurasa mwingine wa akiba, ule wa faili jipya. Mwisho kontrola ya USB inaichota kutoka hapo kwa DMA. Safari nne, mbili amebeba prosesa. Na programu yenyewe haikuiangalia baiti hiyo hata mara moja. Imekuwa kama tarishi asiyejua kusoma.

Ndiyo maana kuna sendfile(), imekuwapo tangu Linux 2.2. Unaipa faili mbili, inanakili ndani ya kerneli bila kupanda juu kwa programu. Shida yake upande wa kupokea lazima uwe soketi (mlango wa mtandao), kwa hiyo kwa flashi tumia splice(), ya 2006, toleo la 2.6.17. Hiyo inahamisha kurasa zenyewe bila kunakili. Mwenye kibanda aandikiwe programu ndogo ya splice, mambo yataisha.

#15 KerneliNdogo
Nimeandika sasa hivi, splice kutoka faili kwenda faili. Inanijibu EINVAL, yaani ombi si halali.

#16 Dada_Terminali
Ndiyo, kwa sababu splice inataka upande mmoja uwe bomba. Unafungua pipe(), unamwaga faili la kwanza kwenye bomba, kisha bomba kwenye faili la pili. Bomba la kawaida linabeba kilobaiti 64 kwa mkupuo.

Na @jembe_la_biti, zamu yangu sasa. Sharti la soketi kwenye sendfile liliondolewa toleo la 2.6.33, leo inakubali faili la kawaida. Pia "inahamisha kurasa bila kunakili" ni ahadi ya zamani: ile bendera ya SPLICE_F_MOVE ilikuwa na hitilafu, tangu 2.6.21 unaruhusiwa kuiandika lakini haifanyi kitu. Ukimwaga kutoka bomba kwenda faili, kerneli inanakili tu. Unapunguza kubeba mara mbili kuwa mara moja, basi.

#17 jembe_la_biti
Moja moja. Droo.

#18 Mpiga_Soga
Refa yuko wapi?

#19 shekhe_wa_seva
Nipo Unguja, nimechelewa. Nyote wawili mnamtengenezea mtu dawa ya ugonjwa asio nao. RAM inanakili gigabaiti nyingi kwa sekunde. Flashi yake inaandika megabaiti tano au sita. Lori limebeba tani thelathini linapanda Kitonga, nyinyi mnamwambia dereva avue kofia ili kupunguza uzito.

splice na sendfile zina mahali pake, kwenye seva inayogawa faili kwa watu elfu kumi kwa mpigo, hapo prosesa ndiyo inayoumia. Kwa kibanda cha muvi, ukipima utaona tofauti haionekani.

Na kumjibu @KerneliNdogo: kifaa kwenda kifaa bila kupita RAM kipo. Linux 4.20 ya mwaka 2018 iliingiza njia ya vifaa vya PCIe (basi, yaani barabara ya data ya ndani ya kompyuta) kuongea wenyewe kwa wenyewe. Lakini lazima kimoja kiwe na kumbukumbu yake inayoonekana kwenye basi kwa anwani, kama baadhi ya diski za NVMe au kadi za michoro. Flashi ya USB haina anwani kwenye basi ile. Iko nyuma ya kontrola ya USB, na kontrola hiyo inajua kuchota kutoka RAM tu. Kwa hiyo RAM ni stendi ya lazima, upende usipende.

#20 KerneliNdogo
Asante shekhe. Na kwa kuwa tuko kwenye kunakili, ngoja niseme aibu yangu. Tulipewa kazi ya kuandika draiva ndogo, read() yake ichukue maneno kutoka bafa ya kerneli impe mtumiaji. Unatumia copy_to_user, siyo memcpy (ile ya kunakili kumbukumbu kawaida), kwa sababu anwani ya mtumiaji inaweza kuwa ya uongo, au ukurasa wake haupo. Nikaandika, `cat` haitoi kitu. Kimya. Siku tatu.

Kumbe nilikuwa narudisha jibu la copy_to_user kama lilivyo. Nilidhani ni idadi ya baiti zilizonakiliwa, kama read na write. Ni kinyume: inarudisha idadi ya baiti ambazo HAZIKUNAKILIWA. Mambo yakienda vizuri, 0. Draiva yangu ilikuwa inanakili sawasawa kabisa, halafu inamwambia cat "0", na cat akisikia 0 anajua faili limekwisha, anafunga duka.

Nikarekebisha. Nikasahau kusogeza *ppos, alama ya mahali msomaji alipofika. Sasa cat akaanza kurudia mstari ule ule mpaka nikamkata kwa Ctrl-C mbele ya mwalimu.

#21 MzeeWaIDE
Hahaha. Sote tumepita hapo. Mimi mwenyewe niliwahi kutumia memcpy tupu, na ikafanya kazi! Miaka mingi.

#22 Dada_Terminali
Mzee, ukiijaribu kwenye prosesa za Intel za kuanzia Broadwell itakugomea, kuna SMAP siku hizi, kerneli ikigusa kumbukumbu ya mtumiaji bila kufungua mlango rasmi inaanguka. "Ilifanya kazi" ndiyo hatari yake. Mnakumbuka Fedora 14, mwaka 2010, sauti ya Flash (ile programu ya video kwenye kivinjari, siyo flashi) ilivyoharibika? memcpy ya glibc, maktaba ya C ya Linux, ilibadilishwa ili iende kasi, ikaanza kunakili kutoka mwisho kwenda mwanzo kwenye baadhi ya prosesa. Programu ya Flash ilikuwa inaitumia kwenye maeneo yanayopandana, jambo ambalo kitabu kinakataza, ndiyo maana kuna memmove. Ilifanya kazi miaka, siku moja ikaacha.

#23 KibandaChaMuvi
Wakuu nimerudi na majibu, tuache Flash ya 2010, turudi kwenye flashi yangu.

Nimenakili MB 700. Mstari umefika mwisho, nikaandika amri ya #3 haraka:

Dirty: 671408 kB

Karibu muvi nzima! Nikakaa natazama, nusu dakika haishuki sana, halafu ikaanza kushuka polepole. Kutoka mstari kufika mwisho hadi Dirty kukaribia sifuri: dakika mbili kasoro. Nimepiga hesabu, ni kama MB 6 kwa sekunde, kama shekhe alivyotabiri. Kwa hiyo mteja anayechomoa papo hapo ameondoka na jina la faili tu.

Pia nimejaribu programu ya sendfile aliyonitumia KerneliNdogo. Tofauti haipo.

#24 Kobe_wa_Kariakoo
Nilisema #4.

#25 KibandaChaMuvi
Sasa dawa. Siwezi kumwambia kila mteja abonyeze kitu, hao wanachomoa nikiwa nahesabu chenji. Na kwenye Windows mbona walikuwa wanachomoa hivyo hivyo na muvi zinacheza?

#26 shekhe_wa_seva
Windows 10 tangu toleo la 1809 inaanza na mpango wa kuondoa haraka kwa vifaa vya kuchomeka, yaani haitumii akiba ya kuandika. Mstari wake unakwenda pole lakini unasema kweli zaidi. Linux imechagua kinyume.

Dawa ya haraka: baada ya kunakili andika `sync`, ikirudi ndipo umpe mteja flashi.

#27 jembe_la_biti
Au punguza ndoo yenyewe:

`sysctl -w vm.dirty_background_bytes=16000000`
`sysctl -w vm.dirty_bytes=48000000`

Sasa uchafu hauzidi MB 48, mstari utatembea kwa mwendo wa flashi, ukifika mwisho zimebaki sekunde chache. Mimi nimeweka hivi kwenye laptopu yangu miaka.

#28 Dada_Terminali
Hapana, hiyo ni ya mfumo mzima. Umebana na SSD yake, kila kitu kinachoandika kwa mkupuo kitapigwa breki kwa kosa la flashi ya mtu. Bora kubana kifaa kimoja: kwenye /sys kila kifaa kina folda ya bdi, humo kuna max_ratio, na kuanzia Linux 6.2 kuna strict_limit na max_bytes. Unaandika kanuni ya udev, kila flashi ikichomekwa inabanwa yenyewe.

#29 jembe_la_biti
Mwenye kibanda cha muvi aandike kanuni za udev?

#30 Dada_Terminali
Mwenye kibanda aliyepiga hesabu ya megabiti kwenye #1, ndiyo. Mbona unamdharau.

#31 fundi_simu_tz
Kwa nini asiunganishe flashi (mount) kwa chaguo la `sync` tu, kila write iende moja kwa moja?

#32 shekhe_wa_seva
Fundi, hiyo ni kuua flashi za watu. Kwenye FAT, ule mpangilio wa faili wa flashi nyingi, kila kipande cha data kinachoandikwa kinafuatwa na kuandika tena jedwali la FAT na ingizo la folda, mahali pale pale, maelfu ya mara. Mwongozo wa mount wenyewe unaonya kuhusu hilo. Kama ni FAT kuna chaguo la `flush`, ni laini zaidi. Na asitumie FAT kwa muvi kubwa, faili haliwezi kufika GB 4.

#33 Mzawa_wa_Tanga
Mimi hutumia dd, ile amri ya kunakili, na sina shida hizi.

#34 jembe_la_biti
dd yenyewe ina shida hizo hizo kama hujaweka conv=fsync au oflag=direct. Na kama hukuweka bs inanakili kwa vipande vya baiti 512. Faili la GiB 4 ni read 8,388,608 na write 8,388,608. Ukiweka bs=4M ni 1,024 kwa 1,024.

#35 Mzawa_wa_Tanga
Naweka bs=4M. Nilijifunza kwa machungu mengine lakini. Nilitaka kuandika iso kwenye flashi, nikaandika of=/dev/sda badala ya sdb. Ilimaliza bila neno, dd haiulizi "una uhakika". Picha za harusi ya dada yangu zilikuwa humo. Mpaka leo nikienda kwao ananiwekea chai bila kuniangalia.

#36 Mpiga_Soga
Pole. Ila kwa kasi gani?

#37 Mzawa_wa_Tanga
MB 110 kwa sekunde. Sitasahau ile namba.

#38 KibandaChaMuvi
Wiki mbili zimepita, naleta mrejesho. Nimeandika kijiprogramu: kinanakili, kinaita sync, kikimaliza kinapiga kengele, ndipo natoa flashi mwenyewe. Malalamiko yamepungua sana. Lakini HAYAJAISHA. Juzi mteja mmoja, kengele imelia vizuri, muvi imekata. Na mimi nilihakiki kabisa! Nilipiga md5sum (alama ya kidole ya faili) kwenye SSD na kwenye flashi, zikalingana herufi kwa herufi.

#39 fundi_simu_tz
Feki.

#40 MzeeWaIDE
Habu.

#41 Dada_Terminali
Ulipiga md5sum ya flashi kabla ya kuichomoa?

#42 KibandaChaMuvi
Ndiyo, palepale.

#43 Dada_Terminali
Basi hukusoma flashi. Umesoma RAM. Kurasa zikishasafishwa hazitupwi, zinabaki kwenye akiba kama nakala safi, na md5sum inapewa hizo hizo. Umelinganisha RAM na RAM. Hata flashi ingekuwa kipande cha ubao ingelingana. Chomoa, chomeka tena, ndipo upige. Au kama root (msimamizi): `sync; echo 1 > /proc/sys/vm/drop_caches`, halafu pima. Ukiona md5sum inamaliza haraka kuliko uwezo wa USB, jua hujaigusa flashi.

#44 KibandaChaMuvi
Duh. Ilimaliza sekunde 2.

#45 shekhe_wa_seva
Na sync yenyewe msiiamini kama kiapo. Watu wa PostgreSQL waligundua mwaka 2018 kwamba kerneli ikishindwa kuandika ukurasa, inaweza kutoa kosa mara moja kwenye fsync (ombi la kusukuma faili moja mpaka kwenye kifaa), kisha ikauhesabu ukurasa ule kuwa safi. Ukiita fsync mara ya pili unaambiwa sawa. Wakaamua hifadhidata ijiangushe yenyewe kuliko kujaribu tena. Ile amri tupu ya `sync` ndiyo dhaifu zaidi, inasukuma vyote bila kukwambia kipi kimegoma. Afadhali `sync jina_la_faili`, hiyo inaita fsync na kosa utaliona. Angalia na `dmesg`, makosa ya USB yanaandikwa pale.

#46 jembe_la_biti
Na hata fsync ikisema sawa, imesema "kontrola ya flashi imenijibu sawa". Ndani ya flashi mle kuna akiba nyingine na ramani nyingine ya kurasa, hatuioni. Tunarudi kwa fundi.

#47 fundi_simu_tz
Karibuni.

#48 KibandaChaMuvi
Nimeazima flashi ya huyo mteja. dmesg iko safi. f3read inasema nafasi iliyokuwa wazi yote ni nzima, sio feki, samahani fundi. Nikaacha habu, nikatumia tundu la laptopu, nikanakili upya, nikachomoa, nikachomeka, md5sum: imelingana, na safari hii ilichukua muda wake. Muvi inacheza kwangu mwanzo mwisho.

Mteja kampelekea mwanawe, wakaiweka kwenye TV yao. Inakata. Dakika ile ile.

#49 MzeeWaIDE
Umeme wa tundu la TV hautoshi, flashi inazimika na kuwaka.

#50 fundi_simu_tz
Kama ni umeme isingekata dakika ile ile. TV haiwezi ule mfinyazo wa video, ikifika eneo zito inashindwa.

#51 Dada_Terminali
Nakala ya kwanza umeshaiandika juu yake, kwa hiyo hatutajua kama ile ilikuwa nzima au la. Ungeiacha.

#52 KerneliNdogo
Je, f3 si inapima nafasi iliyo wazi tu? Pale muvi ilipokuwa imekaa mara ya kwanza hapakupimwa.

#53 shekhe_wa_seva
Huyu kijana apewe A.

#54 Mpiga_Soga
Mkuu, huyo mteja wa TV si ndiye yule mama wa #1?

#55 KibandaChaMuvi
Ndiye. Yuko hapa kibandani sasa hivi, nimemsomea uzi wote. Anauliza hela yake anarudishiwa au harudishiwi.